Mwaka wa Mgongo wa Koku

Leo ni Jumapili, wiki ya tatu sasa nimelala chali chumbani kwangu Hamugembe, mimi ambaye maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuwalaza wengine. Niliteleza kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mimi kwa ubishi wangu nilikuwa nakata mwenyewe mkungu ambao ningeweza kumwomba jirani aukate. Pingili moja ya mgongo imebonyea, daktari kijana akaniambia, na dawa yake kubwa ni kutulia. Ma Severina wa nyumba ya pili huniletea chakula, hufungua dirisha, hunipa habari za mtaa mzima, kisha hunikaripia akiona nimeinua kichwa. "Nesi gani wewe usiyesikia?" Namjibu kwamba manesi ndio wagonjwa wabaya kuliko wote. Jumapili iliyopita kanisani walinitaja kwenye maombi ya wagonjwa, wakaeleza na mtaa ninaokaa, kazi niliyostaafu na namba yangu ya simu, na Jumatatu asubuhi simu ikalia. Mwanamke akaniuliza kama mimi ndiye Sista Jenerosa aliyekuwa wodi ya watoto zamani. Nikamwambia ndimi, na anayeuliza ni nani? "Mimi ni Koku," akasema. "Yule wa mgongo. Nitakuja Jumamosi kukusalimia." Nikaishusha simu kifuani nikalia, na Ma Severina akaja mbio akidhani nimepata habari ya msiba.

Watani zetu hutuita sisi Wahaya nshomile, yaani watu wa kujisifu kwamba wamesoma. Sibishi. Leo nitajisifu na sitaomba radhi, kwa sababu mwaka ule nilifanya jambo moja ambalo hadi leo nikilikumbuka najiona mtu. Lakini lazima nianze na kosa, maana bila kosa hilo sifa yenyewe isingekuwepo. Ya wazazi na ukoo nayaacha. Mhaya ukimfungulia mlango huo atakupeleka hadi babu wa saba na jua litakuchwa. Inatosha mjue kwamba nilikuwa na miaka ishirini na moja, katika mwaka wa mwisho wa mafunzo ya unesi kwenye hospitali moja ya Bukoba. Tulilala wanne chumba kimoja, juu ya vitanda vya chuma vilivyolia kila ukigeuka. Dirisha moja lilitazama ziwa, jingine lilitazama jiko, na la jikoni ndilo tulilolipenda. Kila siku ilikuwa ebitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage vilivyopikwa sufuria moja, kila siku tulilalamika, na kila siku sufuria ilirudi tupu. Sasa meno yamepungua na Ma Severina ananipondea ndizi kama mtoto, ninapofumba macho nazisikia sauti za wasichana wale wakigombea ukoko.

Mkuu wa wodi ya watoto alikuwa Sista Paskazia, mwanamke mfupi, Mlutheri aliyezijua sikukuu za Wakatoliki kuliko sisi wenyewe, na hakuwahi kumpa mwanafunzi likizo kwa sikukuu ya uongo. Alivaa viatu vya raba ili asisikike akija. Tulimwogopa sana, na siku hizi nadhani alijua kwamba woga ule ndio uliotufanya tuhesabu vidonge mara mbili. Juu yake alikuwa Daktari Mujuni, mpasuaji, mtu mrefu aliyeongea polepole kama anayechagua maharage. Yeye hakutisha mtu. Alikuwa na desturi ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka ujibu, na kunyamaza kwake kuliuma kuliko karipio la Sista Paskazia.

Koku aliletwa mwanzoni mwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala, amelazwa juu ya magunia ya kahawa katika gari lililokuwa likitoka Muleba. Alikuwa na miaka minane. Mama yake alikuwa amepakata kichwa chake njia nzima, na alipojaribu kushuka garini miguu yake mwenyewe ilikuwa imekufa ganzi, tukawapokea wote wawili kama wagonjwa. Baba wa mtoto alikuwa kisiwa cha Goziba kwenye kambi za uvuvi, na habari zilikuwa zimetumwa kwa mtu wa mtumbwi ambaye hakuna aliyejua atafika lini. Mgongoni mwa mtoto, chini kidogo ya mbavu, palikuwa na tundu dogo kama la kutoga sikio. Kijijini walikuwa wamelibandika plasta wakamwambia acheze. Siku mbili baadaye mguu wa kulia ukaanza kuburutika, mkojo ukagoma, na plasta ikawa inalowa maji meupe yasiyokuwa usaha wala damu.

Ilikuwa bunduki ya upepo. Babu yake, Mzee Laurenti, alikuwa ameinunua ili kufukuza ndege na ngedere waliokuwa wakitoboa ndizi zake, na kwa kuwa haina baruti wala kishindo, kila mtu pale nyumbani aliiona kama manati ya wakubwa. Asubuhi ile alimlenga ndege kwenye mbuni, mti wa kahawa. Nyuma ya mbuni Koku alikuwa ameinama akiokota kahawa zilizodondoka. Mama yake alitusimulia hayo kwa sauti ndogo, akitazama mlango, kana kwamba mzee angeweza kusikia kutoka Muleba. Alituomba tusimlaumu mbele ya mtoto. "Tangu siku hiyo hali chakula," alisema. "Anakaa kibanjani, kule kwenye migomba yake, peke yake, mtu akimwita haitiki."

Daktari Mujuni aliwaita wanafunzi wote tuzunguke kitanda. Alichukua pini, akaanza kumgusa Koku kuanzia vidole vya miguu akipanda juu, akimuuliza kila mara kama inachoma au inagusa tu. Kila alipofikia mahali ambapo mtoto alianza kuhisi vizuri, alichora mstari kwa kalamu ya wino juu ya ngozi. Mguu wa kulia mstari ulikuwa juu karibu na nyonga. Wa kushoto ulikuwa chini ya goti. Kisha akatuonyesha picha mbili za eksirei, moja ya mbele na moja ya ubavuni, na pale katikati ya pingili, ndani kabisa ya mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu, palikuwa na doa jeupe dogo. "Risasi ikituama kwenye nyama, unaweza kuiacha, mtoto akazeeka nayo," alisema. "Ikiwa ndani ya mfereji na mguu unazidi kulegea, huwezi kuiacha. Na tundu dogo lisiwadanganye kamwe. Bunduki hii watu wanaiita mchezo, lakini mwili wa mtoto ni mwembamba, mgongo wake hauko mbali na ngozi." Akaagiza sindano ya pepopunda, dawa za kuzuia usaha, mpira wa mkojo, na jambo moja ambalo Sista Paskazia alilirudia mara tatu huku akitutazama mmoja mmoja: mtoto huyu hakai, hainuki, hanyanyuliwi kichwa. Atalala kifudifudi au ubavu, na akigeuzwa tutamgeuza watu wanne kwa pamoja, kama gogo. "Atakayemkalisha," alisema Sista Paskazia, "afungashe nguo zake kabla sijamwona."

Nilipewa mimi kumhudumia. Nilimlisha akiwa amelala ubavu, kijiko kwa kijiko, na alikuwa mtoto mwenye maneno. Aliniuliza kwa nini manesi tunavaa soksi kama wanaume. Aliniuliza kama risasi ina kutu, na kama ikipata kutu mgongoni yeye atakojoa maji mekundu kama ya barabarani. Nilimpenda haraka, kosa ambalo walimu wetu walituonya nalo na ambalo sijawahi kulijutia. Tulipomgeuza watu wanne tulihesabu kwa Kihaya, na yeye ndiye aliyehesabu, kwa sauti, akituamuru. Kila asubuhi nilitazama mistari ile ya kalamu na kuichora upya ilipofutika kwa kuogeshwa, na kila asubuhi mstari wa kushoto nao ulikuwa umepanda kidogo.

Siku ya tano nilikuwa chumba cha mashuka nikikunja, mlango umerudishwa, Daktari na Sista Paskazia wakasimama nje yake wakiongea. Sikukusudia kusikiliza, lakini nikiri pia kwamba niliacha kukunja. Sista aliuliza kama si afadhali apelekwe Mwanza. Daktari akasema meli inaondoka baada ya siku tatu, na mguu wa kushoto hautasubiri meli, na hata ukisubiri, kumpakia na kumpakua mtoto yule ni kumtikisa mara kumi. "Umewahi kuifanya?" Sista akauliza. "Nimewahi kumsaidia aliyeifanya," akajibu. "Nikiiacha, anapoteza miguu," akasema. "Nikiifuata nikaikosa, nitakuwa nimemfungua mgongo bure, na sitathubutu kumfungua mara ya pili. Lazima niingie pale ilipo, si pingili ya juu wala ya chini." Picha mpya ikapigwa asubuhi iliyofuata, upasuaji ukapangwa kesho yake, na Mzee Laurenti akaitwa aje kuweka dole gumba kwa niaba ya mwanawe aliyekuwa ziwani.

Alifika mchana, kama saa tisa. Alivaa koti lake la misa, kofia mkononi, na mkono mwingine ulishika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Nilijua ni nini kabla hajakaribia: kahawa za kutafuna, zile tunazoziita akamwani, ambazo mgeni wa Kihaya hupewa kabla ya neno lolote. Mwenye kumpa mwenzake kahawa mkononi anamwambia kwamba baina yao hapana ubaya. Koku alikuwa amelala kifudifudi, miguu yake ikielekea mlangoni. Alisikia kikohozi. Hakugeuza kichwa, akaninong'oneza, "Babu amekuja. Sista, niinue."

"Huruhusiwi, unajua."

"Siwezi kumsalimia babu nimemgeuzia makalio," akasema, na sauti ikaanza kukatika. "Atajua nimemkasirikia. Sista, atajua nimemkasirikia."

Mama yake alinitazama. Mzee alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, hasogei mbele wala harudi nyuma. Nyinyi mliokulia kwetu mnajua. Mtoto wa Kihaya hawezi kumwamkia mkubwa akiwa amejilaza. Huo ni utovu wa adabu hata kwa siku ya kawaida, sembuse kwa mzee ambaye amekuja kuona kama bado ana mjukuu. Mtoto asipoinuka mbele ya aliyemuumiza, mlango umefungwa. Nilikuwa Mhaya kwa miaka ishirini na moja na nesi kwa miaka miwili na kitu. Nikatazama mlangoni, Sista Paskazia hayupo. Mimi na mama yake tukamshika Koku makwapani, tukamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikamwegemeza kifuani kwangu.

Akamwamkia babu yake kwa Kihaya safi, mikono yote miwili mbele. Mzee akaitika. Na salamu zetu hazina haraka. Wakaulizana ya nyumbani, ya ng'ombe, ya kibanja, ya jirani aliyekuwa anaumwa, ya mvua, na kila swali lilijibiwa na kurudishwa. Mzee akafungua jani, akatoa punje mbili, moja akampa mjukuu wake, moja akaiweka kinywani mwake. Wakatafuna wakitazamana. Hapo ndipo mzee alipolia, bila sauti, machozi yakishuka kwenye mikunjo ya uso, na Koku akamfuta kwa kiganja. Sitadanganya, nililia na mimi. Nilijiambia nimefanya kazi nzuri. Tukamlaza tena taratibu, mzee akaenda kuweka dole gumba, na Sista Paskazia aliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake.

Jioni nilipomlisha, Koku alikataa kijiko. Alisema kidole kidogo cha mguu wa kulia kinamuungua. Nikamwambia haiwezekani, mguu ule hauna hisia. "Unaungua kama mtu ameuwekea kaa," akasema. Nikatoa pini yangu, nikagusa. Pale ambapo kwa wiki nzima hakuwa akihisi kitu, aliruka. Na kwenye paja, chini ya mstari wa kalamu, sasa alihisi mahali ambapo asubuhi hakuhisi. Nilisimama na ile pini mkononi. Nilitaka kuamini kwamba mtoto anapona.

Chakula cha usiku ule kilikuwa senene. Wenzangu walikuwa wamewakamata, wakawanyonyoa mabawa na kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe mpaka chumba kizima kikanukia, na sahani ilipofika kwangu nikaipitisha. Kelele zikafa. Adelina, aliyelala kitanda cha mbele yangu, akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Mhaya akikataa senene, aitiwe padri," akasema. Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili waniache. Nilikuwa nimeelewa. Kitu kilichokuwa kinabana juu kimeacha kubana juu, kinabana kwingine. Lakini kulielewa jambo ni kitu kimoja, na kwenda kumwambia Sista Paskazia, wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho, ni kitu kingine. Nikajipa sababu zote. Nani aliwahi kusikia risasi inayotembea? Daktari ana picha, daktari anajua. Mtu anayejitafutia sababu hazikosi.

Asubuhi nilipangwa chumba cha upasuaji, kazi ya kuleta na kupeleka vitu. Koku alikuwa amekwisha kulazwa usingizi, kifudifudi, mgongo wake mdogo umepakwa dawa ya kahawia. Picha ya jana asubuhi ilining'inia kwenye taa. Daktari Mujuni, kabla ya kunawa, alihesabu pingili kwa kidole kuanzia nyonga kwenda juu, akaweka alama ya kalamu, akahesabu tena. Kisha akaenda kwenye karo. Nilisikia maji yakianza kutiririka, na nakumbuka nikatazama nyayo za Koku zilizotokeza nje ya shuka, zimepauka, zikiwa na vumbi jekundu la Muleba ambalo hata sabuni yangu ya wiki nzima haikuwa imelimaliza kwenye mipasuko ya visigino. Nikaona nikinyamaza, nyayo hizi hazitapata vumbi jingine. Nikasema.

"Daktari, mtoto alikalishwa jana."

Maji yakaendelea. Sista Paskazia, aliyekuwa akipanga vyombo, akageuka.

"Baada ya picha?" akauliza Daktari.

"Baada ya picha. Na jioni kidole cha mguu wa kulia kilianza kuungua. Na mstari umebadilika."

"Nani alimkalisha?"

"Mimi."

Akafunga bomba. Mimi safari hii sikuona haya kulia. Akaniuliza, "Kwa nini?"

"Babu yake alikuja kumsalimia."

Mle ndani tulikuwa Wahaya watupu, ukiondoa mtoa usingizi. Hakuna aliyeuliza swali la kipumbavu. Daktari Mujuni alinitazama juu ya barakoa yake, na nikaona macho yake yakienda mbali kidogo, labda kwa babu yake mwenyewe. "Alikaa muda gani?" akauliza.

"Salamu zote, waitu," nikasema, neno letu la heshima. "Na kahawa."

"Basi alikaa sana," akasema. Akamgeukia Sista Paskazia. "Leteni mashine ya magurudumu. Picha nyingine, hapahapa, akiwa hivi alivyolala." Sista akasema filamu zilizobaki ni chache, na mtu wa eksirei atalalamika. "Alalamike," akasema Daktari.

Mtu wa eksirei alilalamika kweli, kutoka mlangoni mpaka alipotoka na filamu. Tulisubiri. Nilihesabu pumzi za Koku. Sista Paskazia hakunitazama hata mara moja, na nilijua tayari nguo zangu zitaingia kwenye begi gani. Filamu ikarudi ikiwa bado inachuruzika maji, Daktari akaishika mwenyewe kwenye taa. Alama yake ya kalamu mgongoni pa mtoto ilikuwa juu. Doa jeupe kwenye picha lilikuwa pingili tatu chini yake.

Kisha akasema kwa Kihaya, si kwa yeyote, "Ningefungua nyumba isiyo na mtu." Akaamuru kitanda kiinuliwe upande wa kichwa ili risasi isirudi ilikotoka, akafuta alama ya zamani, akahesabu, akachora mpya, akaenda kunawa upya. Nilisimama ukutani kwa zaidi ya saa mbili nikileta nilichoambiwa. Niliona mikono yake mikubwa ikifanya kazi kwa upole kuliko mikono ya mshona shanga. Alipoidondosha ile risasi kwenye bakuli la chuma, mlio wake ulikuwa mdogo mno. Ilikuwa imebanwa kiunoni kama kangoma, nyeusi, ndogo kuliko punje ya kahawa. Akashona utando uliokuwa ukivuja maji, tabaka kwa tabaka. Alipomaliza alisema, "Asante, Jenerosa." Ni hilo tu. Nimepewa vyeti na khanga za kustaafu na hotuba, lakini nikiulizwa sifa yangu kubwa ni ipi, ni hiyo asante, iliyosemwa mbele ya Sista Paskazia.

Sista hakunifukuza. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema kosa nimelifanya na ukweli nimeusema, na kimoja hakifuti kingine. Wenzangu wangefanya mtihani, mimi ningeongezewa miezi mitatu wodini kwake, chini ya macho yake. Adelina na wenzake walihitimu, tukala kuku wao, nikawapigia vigelegele, nikarudi kuosha bedipani. Cheti changu kina tarehe yake peke yake. Kwa miaka mingi watu waliniuliza kama nilifeli, na nilikuwa nawaambia, hapana, nilibakizwa, kaeni niwasimulie. Baadaye nilipokuwa nafundisha wanafunzi wa unesi huko Mwanza na Tabora, kila darasa lilisikia: risasi ndani ya mfereji wa mgongo inaweza kuhama mgonjwa akigeuzwa, hivyo kabla ya kisu piga picha tena, mgonjwa akiwa amelala vilevile atakavyopasuliwa. Na tena niliwaambia, mkiwakataza watu jambo, jueni kwanza adabu yao inawadai nini.

Hilo nalo nilijifunza baada ya upasuaji, maana Koku alitakiwa kulala bapa wiki mbili zaidi, kidonda kisivuje, na babu yake alikuwa anarudi. Daktari Mujuni alimngojea mlangoni, wakaongea kando, mzee kofia mkononi. Kisha mzee akaingia wodini. Hakusimama miguuni pa kitanda. Akaja upande wa kichwa, akakunja koti lake la misa, akaketi chini kwenye sementi, mzee wa miaka ile, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mjukuu wake. "Nisalimie ukiwa umelala," akamwambia. "Nimeruhusu mimi." Koku akamsalimia hivyo, shavu likiwa kwenye mto, ya nyumbani, ya ng'ombe, ya kibanja, mpaka mwisho. Sista Paskazia alikuwa mlangoni na viatu vyake vya raba. Nilimwona akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Bunduki yenyewe mzee alikuwa ameipeleka ofisi ya kijiji, na kadiri nijuavyo hakuidai tena.

Mzee huyohuyo ndiye aliyetengeneza fito za kutembelea, mikalitusi miwili aliyoikata mwenyewe, akaifunga kwenye baraza ya wodi na kuizungushia maganda makavu ya mgomba ili isimchubue mtoto viganja. Mkojo ulirudi kwanza. Kisha mguu wa kushoto, kisha wa kulia kwa shida. Miezi mitatu yangu ya adhabu ndiyo miezi mitatu ambayo Koku alijifunza kutembea, na nisingebakizwa nisingeiona hata hatua moja. Baba yake alifika kutoka Goziba siku Koku alipotembea fito nzima kwenda na kurudi, akasimama na samaki wake mkononi akishindwa kuingia. Siku ya kuondoka Koku alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari. Kabla ya kupanda alitaka kuniaga kama inavyotakiwa, akapiga magoti mbele yangu, na hapo akakwama. Kushuka aliweza, kuinuka mguu wa kulia ukakataa. Nikamshika makwapani, kama siku ile. Daktari Mujuni aliniambia pembeni kwamba hilo pengine halitarudi, na tushukuru kwa yaliyorudi. Baada ya hapo baba yake aliihamisha familia, na mimi nikapelekwa mbali. Daktari amekufa, Sista Paskazia amekufa, Mzee Laurenti alikufa zamani. Nilibaki na swali hilo moja la magoti, na sikuwa na wa kumuuliza.

Jana Jumamosi Ma Severina alikuwa amefagia chumba mara mbili. Tulisikia hatua barabarani, kisha uani, hatua za mtu ambaye mguu mmoja unakawia kidogo nyuma ya mwenzake, na nikazijua. Akaingia mwanamke mwenye nywele zilizoanza mvi, viatu vya shamba vina udongo. Anafanya kazi Maruku, kwenye mashamba ya migomba ya majaribio. Kutwa nzima anatembea kati ya mistari akikagua majani. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Nikaona aibu kupokea mgeni nimelala, nikaegemea kiwiko nijiinue.

"Lala, mama," akasema. "Leo nimeruhusu mimi."

Akapiga magoti kwenye sakafu yangu, yote mawili, kando ya kitanda. Akaniamkia. Nikaitika. Tukaulizana ya nyumbani, ya watoto wake, ya migomba ya Maruku, ya mgongo wangu na wa kwake, hatukuruka hata moja, na Ma Severina alisimama mlangoni na sufuria mkononi akisahau kuitua. Akafungua jani, akaniwekea punje moja ya kahawa mdomoni, moja akatafuna yeye. Salamu zilipokwisha nikanyoosha mkono nimsaidie kama siku ile ya gari. Hakuuona, au alijifanya hakuuona. Akaweka mguu wa kushoto mbele, akatulia kidogo, kisha akainuka. Hakushika kitanda.